Sauti Itokayo Chini

Bibi Kabula wa Bujora alikuwa amepoteza macho tangu miaka ya foleni za sukari, lakini heshima ya mwanawe hakuhitaji macho kuipima. Binti akipiga magoti, shikamoo yake hutokea chini, karibu na mapaja ya mzazi. Akisalimia wima, hutokea juu, kama ya karani wa kodi. Na kwa miaka mitatu shikamoo ya binti yake Odeta ilikuwa ikitokea juu.

Aliitikiwa marahaba kavu, akarudi kwake Mkolani na uchungu wake. Angeanzaje kumwambia mama wa miaka themanini, anayepalilia karanga kwa kupapasa, kwamba magoti yaliyozeeka ni ya mtoto?

Biashara huria ilimkuta Odeta na kikaango. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa ufukweni, alinunua mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki na vinyama vyake, akayakaanga na kuuza. Sukari iliyokuwa ya kugombaniwa sasa ilijaa madukani, naye akaitia vijiko vinne kwa kikombe, kama anayelipa kisasi. Akanenepa, watu wakamsifu kwamba kanawiri. Nani aliwahi kumpa pole mtu aliyenenepa?

Usingizini alijiona ziwani, maji kifuani, hana uzito hata wa jani. Alikunja magoti polepole, yakakunjika bila maumivu, na chini ya maji akaukuta ua wa mama yake umefagiliwa, unamngoja. Akiamka, alishika ukuta ndipo asimame.

Jovinary, mganga wa zahanati, Mhaya wa maneno machache, alimweleza kwamba gegedu za magoti, ile mito laini kati ya mifupa, zimelika na hazitarudi. Ila mafuta ya tumboni si mzigo tu. Yanachochea uvimbe mwilini mpaka kwenye viungo, na sukari ya damu yake nayo ilikuwa imeanza kupanda. Apunguze vya kukaanga na chai tamu, lakini asijitese kwa njaa. Ale dagaa na maharage ya kujenga nyama ya mapaja, kwa sababu ndiyo inayolibeba goti. Na kila asubuhi aketi kigodani, ainuke bila kushika kitu, mara kumi.

Odeta akatii. Asubuhi zikapita na kigoda chake, ukungu ukipanda kutoka ziwani, na yeye akipungua kidogo kidogo mpaka kanga ikamzunguka mara mbili.

Hapo Mkolani ikamgeuka. Miaka ile kukonda kulikuwa na maana moja tu, na yeye alikuwa mjane. Selina, jirani aliyekula mapanki yake kila jioni, akahamia kikaango kingine. Wakanong'ona kwamba Odeta kakanyaga miwaya, kaupata ukimwi. Maneno hayo yalimuuma kuliko goti. Siku moja alitia tena vijiko vinne, akakitazama kikombe kwa muda mrefu, akakimwaga kwenye mchicha. Kesho yake akaenda Bujora.

Alishusha goti moja, kisha la pili. Yaliuma, lakini yalikubali.

"Shikamoo, mayu."

Uso wa kikongwe ukafunguka. "Marahaba, mwanangu," akasema, na joto la miaka mitatu lilikuwa ndani yake. Akanyoosha mikono, akampapasa mashavu, mabega, mfupa wa shingo. Mikono ikasimama hapo. Ndiyo iliyowaogesha Ngosha na Shimba, wanawe wawili, ugonjwa ule ulipowamaliza.

"Kumbe umekuja kuniaga."

Odeta alitafuta maneno ya Jovinary, gegedu na mafuta na sukari ya damu, akayakosa yote. Basi akainuka, bila kushika kitu. Akasema shikamoo, ikatokea juu. Akapiga magoti, akasema tena, ikatokea chini. Akainuka, akapiga magoti, akainuka, pumzi zikimwisha na machozi yakimtoka, na uso wa mama yake ukiifuata sauti ile ikipanda na kushuka.

Safari ya tano Bibi Kabula akamshika mkono.

"Ngosha hakuweza hata kuketi," akasema. Akauvuta mkono ule, akaupakata. "Kaa sasa, mwanangu. Mara moja inatosha."