Aliyengoja Kabla Yangu

Ninyi mliovaa majoho pale Chuo Kikuu cha Kabianga juzi, hongereni, na poleni pia. Shauri langu la kwanza: msiulize mliitwa jina la nani. Mimi niliuliza, na tangu hapo sina raha.

Kwetu Wakipsigis mtoto akizaliwa, akina mama huita majina ya marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, mpaka apige chafya. Hapo wanajua ni nani amerudi. Mimi nilipiga chafya kwa jina la babu. Walikuwa wamenipaka ugoro puani, jamani, nani hangepiga? Lakini nyanya yangu, tunayemwita kogo, hakuona mzaha. Mpaka leo ananiita mzee wangu, na majirani wanacheka. Zamani hata mimi nilikuwa nacheka.

Shauri la pili: mkiambiwa "tutakupigia simu", wekeni viatu chini ya kitanda mchukue jembe. Mimi kichwa ngumu nilizunguka ofisi zote, Kericho mpaka Bomet, kama mgonjwa anayetafuta daktari. Kila nikitoka, kogo alinisindikiza mpaka mwisho wa majani chai yetu, akaninyoosha kola. "Leo watakuchukua, mzee." Nikirudi, nilimkuta ameniwekea mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu, na swali.

Siku moja nikamkuta anapukuchua mahindi. Nikamwambia wamesema watapiga simu.

"Hata ile ingine walisema tu hivyo," akajibu, bila kuinua kichwa.

"Ile gani, kogo?"

"Ile ya kupima majani kiwandani. Si walikuambia urudi wiki ijayo?"

Mimi sijawahi kuomba kazi ya kupima majani. Babu ndiye aliyeiomba, baba yangu akiwa bado ananyonya. Ningemwambia, "Kogo, huyo si mimi," yangeisha. Lakini aki, niliogopa, na hofu yenyewe ilinifanya nitake kujua.

"Sasa mimi nikafanya nini?" nikamuuliza.

Alinitazama kwa huruma, ile ya mke kwa mumewe.

"Ulirudi wiki hiyo. Ukarudi na ingine. Majani yakageuka msitu, watoto wakalala njaa, na wewe uko barabarani na shati safi." Akaokota hindi lingine. "Ulingoja, mzee wangu. Ulingoja mpaka tukakuzika."