Parapanda Ilipolia Saluni

Jumamosi nilikuwa saluni moja pale Berea, nasubiri zamu yangu. Mwanafunzi mmoja, dada Mkenya, alikuwa akitutafsiria gazeti la Kiingereza: maisha ya mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi huko Ulaya. Sijui kwa nini alitaka kutuonyesha Kiswahili cha shuleni.

"Mzungu huyu alipuliza parapanda miaka hamsini," akasoma.

Msusi, mama Mkongo, akaganda, kitana hewani. Kanisani kwao parapanda ni moja tu, ile ya siku ya mwisho.

"Hamsini? Na sisi tuko hapa bado?"

"Tena Ulaya nzima ilimsikia."

Mama akamshika mteja mabega. "Mama, nisamehe. Zile nywele niliambia wewe za Brazil, ni za hapa karibu tu, Pinetown."

"Eish, mama! Namaanisha tarumbeta. Ya muziki tu!"

Mama akashusha pumzi, akaendelea kusuka kama vile hakusema kitu. Nimekesha kwenye maombi mengi mjini hapa, sijaona mtu akiungama haraka hivyo.

Mteja, kichwa nusu kimesukwa, akamgeukia mwanafunzi.

"Dada, hebu soma tena, na parapanda yako vilevile. Bado sijajua haya mafuta aliyonipaka yametoka wapi."