Kaseti ya Mwalimu Nilimpa Mgeni

Msinitaje jina, tafadhali. Uvira ni mji mdogo, na wanaonijua watanijua tu. Kosa ni langu. Sikulazimishwa, sikulewa, sikuwa mtoto. Nilichukua kitu cha mtu aliyeniamini, nikampa mtu aliyejua kunichekea.

Huku Kavimvira tuko na kikundi cha watu wanaopenda muziki mmoja wa ajabu. Ni wa Wazungu wanne wa zamani, waliopiga gitaa na kinanda kama watu wanaopanda kwenda kwenye nyota. Wimbo mmoja unaweza kumaliza upande mzima wa kaseti, na maneno ni machache. Majirani wanasema ni muziki wa kulalia. Sisi tunaupenda tangu ujana. Mpaka leo watu wenye wajukuu wanapanda moto, zile pikipiki za kukodi, kutoka Luvungi, Jumapili baada ya misa, wanakuja kulala chali juu ya mikeka sebuleni kwa Mwalimu Salvator, pazia zimefungwa, wanasikiliza.

Mwalimu alifundishwa fizike na padri mmoja mzungu, na padri huyo ndiye aliyemwachia kaseti zake aliporudi kwao. Nyimbo nyingi siku hizi ziko kwenye telefone. Lakini kaseti moja haikuwa na mwenzake duniani. Padri alipokuwa kijana aliingia kwenye konseri, onyesho la wale wanamuziki, na mashine ya kurekodia ndani ya koti, akarekodi yote, mpaka watu wakikohoa.

Mwishoni mwa upande wa pili palibaki nafasi. Hapo kila mshabiki mpya wa kwetu alitaja jina lake na kwao. Bwana yangu alikuwa humo. Anataja jina, anacheka, anasema hakuja kulala, amekuja kusikiliza. Alikufa zamani. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote.

Halafu akaja Didier, kutoka Bujumbura. Alijua kila wimbo, hata zile sehemu ambazo kinanda kinanyamaza kidogo kabla ya gitaa kurudi. Siku aliposikia ile konseri alilia mbele yetu. Machozi ya kweli, nilidhani. Akaanza kunisindikiza nyumbani. Na mimi, mjane niliyesahau kioo, nikaanza tena kujipamba siku za Jumapili. Mungu wangu, aibu!

Alimwomba Mwalimu kaseti aipeleke ng'ambo, iingizwe kwenye ordinateri, yaani kompyuta. Mwalimu akakataa, akasema haitoki ndani ya nyumba yake. Basi Didier akanigeukia mimi. Akaniambia utepe unazeeka, siku moja utakatika, na bwana yangu atakufa mara ya pili. Maneno hayo yalinimaliza.

Mwalimu alipoenda Bukavu kutibiwa macho, aliniachia mimi ufunguo, nifagie na kulisha kuku. Niliitoa kaseti, nikaifunga ndani ya kipande cha kitenge, nikampelekea Didier pale mpakani. Alinishika mkono mbele ya watu wote. Nilirudi nikicheka peke yangu njiani kama msichana.

Kwanza aliniambia mashine imeharibika. Kisha akasema niwe na subira. Kisha telefone yake haikuita tena.

Mwalimu alirudi na bandeji jicho moja. Aliitafuta kaseti kwa vidole ndani ya sanduku, akaniuliza mimi. Nikasema sijui.

Uongo huo ulizaa mwingine mbaya zaidi. Jacques, mkulima wa mpunga wa Bwegera, rafiki ya Mwalimu tangu shuleni, alikuwa amepita pale kumtafuta, kama alivyozoea, siku Mwalimu yuko Bukavu. Jirani alimwona. Mwalimu akamshuku. Akamwambia mbele yetu sote asirudi tena pale. Jacques alinitazama, maana mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo. Nikatazama mkeka.

Baada ya miezi, mtu alituma kitu kwenye WhatsApp ya kikundi. Ile konseri ilikuwa kwenye internet! Washabiki wa nchi za mbali walikuwa wanashukuru, wazee kama sisi, wanasema wameitafuta maisha yao yote. Wanamshukuru Didier. Yeye ameandika kwamba alirithi kaseti kwa babu yake.

Nilijifungia chumbani nikasikiliza yote, nikingoja bwana yangu. Makofi yakapigwa, yakaisha. Kimya. Majina yetu yote alikuwa ameyakata.

Nilimpigia kwa telefone ya dada yangu, namba asiyoijua, akapokea. Nikamuuliza majina yako wapi.

“Mama, batu ba kule habana haja na yale majina,” akasema. Kaseti yenyewe alikwisha kumpa mtu anayekusanya vitu vya zamani. Akakata simu.

Nililia mpaka nikachoka. Halafu nikaona kwamba alichonifanyia Didier, mimi nilikuwa nimemfanyia Mwalimu, na Jacques pia.

Nilianzia Bwegera. Jacques alinisikiliza akiwa amesimama ndani ya maji ya shamba, hakutoka. “Minye nilipoteza rafiki,” akasema, “juu weye ulinyamaza.” Lakini Jumapili alikuja.

Nilieleza yote mbele yao, nimepiga magoti. Hakuna aliyenitukana. Mwalimu aliinuka akamfuata Jacques, akamshika mabega, wakakaa hivyo. Kisha akanigeukia.

“Kuingia hapa, sikukatazi. Ule muziki si wangu. Lakini kukuamini, usiniombe.”

Akawaambia watu walale, akafungulia wimbo kwenye telefone. Mimi nililala karibu na mlango. Ndipo ninapolala mpaka leo.

Ndugu zangu mnaosoma, mtu anaweza kupenda kile unachokipenda, akakipenda kweli, na wewe asikupende hata kidogo. Mimi sikujua. Na mkikosa, semeni siku ile ile, kabla mtu mwingine hajabeba kosa lenu. Jacques na Mwalimu wanasalimiana, wanacheka hata. Lakini Jacques hapiti tena pale siku za kazi, na kila ninapoona hivyo najua ni mimi.