Mizunguko Mitano ya Uzi

Mume wangu ndiye aliyewaona samaki. Mimi niliona ndoana tu.

Alikuwa mtunza bustani Kitisuru, Nairobi, na tajiri wake alipenda kwenda kuvua samaki waitwao trauti kwenye mito ya mlimani. Alimchukua ili ambebee mfuko. Akirudi kwetu Kabiria alinieleza, soksi zikiwa bado mbichi: kuna mdudu anayekulia chini ya maji, na siku yake ya kupata mabawa hupanda juu, lakini kabla hajatoka hunasa hapo chini kidogo ya uso wa maji, akihangaika kuvua ngozi. Hapo ndipo trauti humla. Mimi nilimsikiliza kwa makini kwa sababu mdudu huyo ndiye niliyekuwa nikimtengeneza kila siku, katika karakana moja ya Westlands. Tulikuwa wanawake kumi na wawili kwenye meza moja ndefu, tukifunga nzi bandia wa kuvulia samaki, wa kupelekwa ng'ambo. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni.

Unabana ndoana, unaizungushia uzi wa hariri, unausokotea uzi manyoya ya sungura ili uwe mwili wa mdudu, kisha unafunga unyoya laini wa shingo ya kuku. Kufungia unyoya ni mizunguko mitano. Ukipunguza, unachomoka. Ukizidisha, nzi anakuwa mzito na kuzama, na huyu wetu hakutakiwa kuzama wala kuelea. Ili tusikosee tulikuwa na wimbo wetu, tuliutunga wenyewe: moja ya mama, mbili ya mtoto, tatu ya jirani, nne ya mgeni, ya tano mwache aende. Kwenye "mwache aende" unakata uzi. Tuliuimba kutwa, mpaka mkono ukawa unajiendea wenyewe.

Mume wangu akashikwa na homa, wiki moja, akafa. Tulimzika kwao Magharibi. Sikulia. Sijui niseme nini zaidi, sikulia tu. Wifi yangu alinifinya paja kaburini ili nilie mbele ya watu, nami nikasikia uchungu wa kufinywa, basi. Wakaninyoa nywele kama desturi inavyotaka, nikarudi Nairobi na watoto wangu wawili.

Nilipokaa mezani niliona kumenyamaza. Wenzangu walikuwa wamekubaliana kwamba hawataimba mpaka arobaini ya marehemu ipite. Nani angemwimbia mjane "mwache aende"? Ilikuwa heshima, na sikuwalaumu. Wao walihesabu kimoyomoyo. Mimi moyo wangu haukuwa ukihesabu kitu. Nilizungusha uzi, nikazungusha, nikashtukia nzi amevimba shingo kama mwenye matumbwitumbwi.

Msimamizi wetu alikuwa mzee wa Kimombasa, mtu wa kofia na maneno taratibu. Alipima kazi yetu kwa bilauri ya maji. Alimdondosha nzi wangu, tukamtazama akienda mpaka chini.

"Mama, huyu amezama," akasema. "Na wa jana wamezama. Kwani kwenu hakuna eda? Mwanamke akifiwa si hukaa ndani?"

"Kwetu kuna kunyolewa, mzee. Nimeshanyolewa."

Akakuna kidevu. Akaniambia Ijumaa mwenye karakana atakuja kupima mwenyewe, na ambaye nzi wake watazama ataondolewa mezani aende kuosha manyoya. Kuosha manyoya kulikuwa kibarua: leo upo, kesho hupo. Na kule Kabiria sasa mwenye kazi nilikuwa mimi peke yangu.

Nikamwinamia jirani yangu wa mezani. "Imbeni basi."

"Wee, mama," akanong'ona. "Hata nywele hazijaota."

Ijumaa mwenye karakana akafika. Alisimama nyuma yetu, mikono mfukoni. Nikabana ndoana, nikafika kwenye unyoya, vidole vikawa kama vya mtu mwingine. Nikaanza kuimba, mimi mwenyewe, kwa sauti ya kusikika. Moja ya mama. Hakuna aliyeniitikia. Mbili ya mtoto. Nilifika ya tano, nikakata uzi. Nilifunga sita namna hiyo, nikiimba peke yangu kama mlevi. Msimamizi akawaweka kwenye bilauri. Wakakaa pale pale chini kidogo ya uso wa maji, wote sita.

Nilibaki mezani. Jioni, tukivaa viatu, jirani yangu akasema bila kuniangalia, "Kumbe hata hukumpenda." Niliinama kufunga viatu. Niliogopa kwamba huenda ni kweli.

Arobaini iliangukia Jumamosi. Nilikuwa nimewaalika wote, nikapika chai ya watu kumi na watatu na kuazima vikombe. Hakuja mwanamke hata mmoja. Alikuja msimamizi, amevaa kanzu, na tende ndani ya karatasi. Akanywa kikombe kimoja, akaniona naangalia sufuria, akaomba cha pili.

Kisha akauliza, "Mumeo alikuwa mtu wa namna gani?"

Hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza, si kwao wala si hapa. Nikataka kumwambia habari za soksi mbichi, na jinsi alivyonionyesha kwa vidole viwili mdudu anavyohangaika na ngozi yake. Nilisema, "Alikuwa akirudi," na nikashindwa. Nililia mpaka watoto wakaja mlangoni kutazama. Mzee hakuninyamazisha. Alikaa na kikombe chake mpaka nikamaliza.

Jumatatu wanawake waliimba, maana arobaini ilikuwa imepita. Niliimba nao, moja, mbili, tatu, nne. Ya tano ilinishinda. Nilikata uzi kimya, na tangu siku hiyo, kwa miaka yote niliyokaa pale, mstari huo niliwaachia wao.