Neno Nililolisema Mbele ya Mwanatumu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa, na mvi zangu hizi, huinamisha uso mwenyewe ingawa hakuna anayenitazama. Mengi ya ujana wangu yameshanitoka kichwani, lakini siku hiyo haitaki kwenda. Nisikilize taratibu. Jambo la aibu likisimuliwa mbio mbio, msimulizi hupata pahali pa kujificha, nami nimejificha vya kutosha.

Nilikuwa mwalimu wa watoto wadogo hapa Msambweni, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, bendera ikiwa bado mpya na kila kijiji kikitaka skuli yake. Kina mama wa mtaani kwetu walinichagua, wakanipeleka Mombasa nikajifunze kazi kwa Bi Shirini, mama wa Kihindi mzaliwa wa kule, mrefu, mwembamba, asiyepandisha sauti hata kuku akiingia darasani. Yeye alikuwa akifundisha kwa njia ya Montessori, jina la daktari mmoja wa Kiitaliano, mwanamke, aliyegundua kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa mikono yake kabla ya kujifunza kwa masikio. Kwa Bi Shirini hapakuwa na kuimbishwa herufi wala fimbo ukutani. Kila mtoto alitandika kimkeka chake, akachagua kazi, akaifanya mpaka moyo wake utosheke. Mwalimu aliketi pembeni akitazama. "Kazi yako kubwa ni kuizuia mikono yako," aliniambia. Nami nikacheka, nikadhani ni jepesi.

Niliporudi tulipewa chumba kilichokuwa ghala la mbata, zile nazi zilizokaushwa. Tulikisugua wee, lakini harufu ya mbata haikutoka, na mpaka leo nikiinusa huona watoto. Seremala akatutengenezea rafu fupi, mtoto wa miaka mitatu azifikie. Juu yake nilipanga vikombe vya kumiminia choroko, fremu za kufunga na kufungua vifungo, na vibao vya herufi nilizozikata kwa karatasi ya msasa, mtoto azifuate kwa kidole akizitamka. Pembeni palikuwa na beseni, sabuni na kitambaa cha kuoshea meza.

Na hapo kwenye beseni ndipo palipokuwa pake Mwanatumu.

Alikuwa na miaka minne, bintiye Rashidi na Mishi, nyumba yao si mbali na barabara. Mtoto mkimya, mwenye macho ya kuuliza. Kila asubuhi alikwenda moja kwa moja kwenye beseni. Aliikamua ile nguo, akapangusa meza kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, kama nilivyomwonyesha. Na hilo la kushoto kwenda kulia lilikuwa na maana yake. Ndivyo mkono unavyozoeshwa njia ya kuandika kabla haujashika kalamu. (Maalimu wa chuo cha Kurani, aliyewafundisha hao hao watoto alifu na be kutoka kulia, alinitania kwamba nawageuza. Nikamwambia mkono wa mtoto una nafasi ya njia mbili.) Akishamaliza meza, Mwanatumu alivichukua vibao vya msasa. Wiki ile ile ninayotaka kukusimulia alikuwa amekaa na herufi ya kwanza ya jina lake, akaipitisha kidole, akanigeukia akasema, "Hii imo kwa mama. Imo na kwangu." Hakuna aliyemfundisha. Aliiona mwenyewe. Nilifurahi hata nikamwandikia Bi Shirini kumsifu mtoto yule.

Lakini wazazi walikuwa wameanza kunung'unika. Walikuja kuchukua watoto wao, wakawakuta wanamimina choroko, wanaosha vikombe, wanafagia. Wakasema mwalimu huyu hafundishi. Mimi nilikuwa binti mdogo bado, sijaolewa, na manung'uniko yale yaliniuma. Badala ya kuwaita nikawaeleza, nikanyamaza, nikaanza kuionea haya kazi yangu mwenyewe. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Basi siku moja adhuhuri Rashidi alikuja mwenyewe. Alikuwa boi katika nyumba ya Mzungu kule Diani tangu kabla ya Uhuru, na siku hiyo alikuwa na ruhusa. Mlangoni walikuwako wazazi wengine wakingoja watoto. Rashidi akachungulia ndani, akamwona bintiye amepiga magoti, anafuta maji yaliyotiririka sakafuni.

"Mwanatumu! Inuka hapo chini!"

Mtoto alishtuka, beseni likapinduka. Nami nikatoka mbio. "Shikamoo, baba Mwanatumu."

Hakuitikia. Kwetu pwani mtu asipoitikia shikamoo, ujue moto umeshawaka.

"Mwalimu," alisema, "mimi nimepiga magoti kwenye sakafu za watu tangu sijaota ndevu. Naitwa boi, na nina watoto. Leo tuna Uhuru wetu. Nimekuletea mwanangu umfundishe kusoma, nawe wamfundisha uboi?"

Wale wengine mlangoni wakaguna. Mmoja akasema, "Hata sisi tumeona."

Maneno ya kumjibu nilikuwa nayo, mwanangu. Ningemwambia habari ya mkono na kalamu. Ningemwita Mwanatumu achukue kibao, amwonyeshe babake herufi yake, na yote yangekwisha kwa kicheko. Lakini niliona macho ya watu, nikaona skuli inafungwa na jina langu linatembea mtaani, na hofu ikanishika. Nikasema:

"Si mimi, baba. Wenzake wanaendelea na herufi. Huyu wako kichwa chake kizito. Haziingii. Ndipo nikampa kitambaa, angalau awe na la kufanya."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Neno lile lilinitoka laini, tena kwa sauti ya huruma, sauti ya mwalimu mwema.

Hasira ilimtoka Rashidi usoni, na pahali pake pakaingia kitu kibaya zaidi. Aliinama. Mbele ya wenzake, mtu mzima yule akainama. "Kumbe," alisema polepole. "Basi, mwalimu. Niwie radhi."

Akaniomba radhi mimi!

Mwanatumu alikuwa amesimama nyuma yangu, kanga yangu ikimgusa. Alisikia kila kitu. Hakulia. Aliiokota ile nguo, akaikamua vizuri kama nilivyomfundisha, akaikunja, akaiweka juu ya ukingo wa beseni. Kisha akamfuata babake.

Kesho yake hakuja, wala siku zilizofuata. Nikajiambia ana homa, watoto huwa na homa. Nikakutana na mamake kisimani, Mishi, mwanamke mpole. Akanisalimu kwa heshima, akasema, "Baba yake asema tusimsumbue mtoto kwa kitu asichokiweza. Atakaa nami tusuke makuti. Skuli atakwenda nduguye, akikua." Ndoo yangu ilikuwa imejaa. Nikaitika "haya," nikajitwika, nikaondoka. Kwa hiyo nilimuuza mtoto yule mara mbili, na mara ya pili hakuna aliyenitisha.

Baada ya kitambo Bi Shirini akaja kututembelea kutoka Mombasa. Aliketi kwenye kigoda cha mtoto, magoti yake yakimfika kidevuni, akatazama asubuhi nzima bila kusema. Kisha akaniuliza, "Yuko wapi yule binti uliyenisifia?"

"Baba yake amemwachisha. Hawapendi watoto wafanye kazi za mikono."

Ilikuwa nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni shuka fupi. Ukifunika kichwa, miguu iko nje. Karibu yetu alikuwapo mtoto mmoja, Zuhura, akimimina choroko zake. Bila kuinua macho akasema, "Mwanatumu kichwa chake kizito. Mwalimu alisema."

Choroko zikaendelea kulia kikombeni. Bi Shirini hakunitazama. Alingoja mpaka mtoto wa mwisho alipochukuliwa, ndipo akanifanyia ishara niketi.

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema, bibi."

"Mbele yake?"

Machozi yakanitoka, naye Bi Shirini hakuyapangusa wala hakunibembeleza.

"Binti yangu," alisema, "kuwaogopa wazazi si dhambi. Hata mimi nimewaogopa. Lakini ulipoogopa ulitafuta kitu cha kujikinga, na katika chumba kizima ukamshika aliye mdogo kuliko wote."

Nikamuuliza, nifanye nini. Akaniambia, "Ulilisema mbele za watu. Ukalifute mbele za watu, na mtoto awepo. Lakini usidhani litafutika lote."

Utasema nilikwenda siku ile ile. Sikwenda. Niliikwepa njia ya nyumba yao, nikapitia mashambani kama mwizi wa nazi. Mwishowe, Ijumaa moja baada ya swala, nilijua Rashidi yuko nyumbani na wanaume wameketi barazani kwake. Nikajifunika kanga vizuri, nikaenda kabla moyo haujageuka.

"Hodi."

"Karibu, mwalimu," akasema Rashidi, akasimama kunipisha kiti. Nikakataa kuketi. Nikaomba Mishi aje, na Mwanatumu pia. Walipotoka, mtoto akasimama nyuma ya mamake. Nikasema, na kila mtu alikuwa akisikia, kwamba siku ile nilisema uongo. Mtoto wake alikuwa akizijua herufi vizuri kuliko wenzake. Nilimsingizia ili lawama isinifike mimi. Nikaeleza na habari ya meza, kwa nini tulifuta kutoka kushoto kwenda kulia.

Rashidi aliketi tena polepole.

"Kwa hiyo uliniongopea."

"Nilikuongopea, baba."

"Mimi nilikuamini wewe kuliko macho yangu." Aliukuna ukuta wa baraza kwa ukucha. "Alikuwa akichora hapa mchangani kwa kijiti, mbele ya mlango. Vitu kama herufi. Nikamwambia aache, asijitese, si kila mtu amejaliwa. Mimi nilimwambia hivyo, mwalimu. Mimi babake, kwa mdomo wangu."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alifunika macho kwa kiganja, na wale wazee wawili waliokuwa kando yake wakatazama barabarani ili wasimwone.

Nikapiga magoti mbele ya Mwanatumu. "Mwanangu, mwalimu alisema uongo. Kichwa chako hakina uzito wowote. Unajua sana. Utarudi?"

Alimtazama mamake, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na chuki. Alinisahihisha kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenziwe aliyesahau.

"Aa, mwalimu, ni kizito. Hata baba anajua."

Alirudi, Alhamdulillahi. Babake mwenyewe alimshika mkono akamleta, na kabla ya kuondoka aliosha meza moja pamoja naye, watu wakiona. Mwanatumu akasoma, akaenda skuli kubwa, akamaliza. Usidhani aliharibika. Lakini tangu siku ile, kila nilipokaribia kimkeka chake, aliondoa mkono kwenye kazi akangoja nipite. Hakuniuliza tena kitu, wala hakunigeukia tena kunionyesha alichokigundua. Hayo ndiyo niliyoyapoteza, na hakuna aliyeyajua ila yeye na mimi.

Alikua, akaolewa Majoreni, na miaka ikapita. Siku moja akaja na mwanawe wa kwanza, kivulana cha miaka mitatu, wakati huo wako huku kwa mamake. Alinipa shikamoo, tukaulizana hali za nyumbani, akamwacha mtoto aende kwenye rafu. Kisha akanivuta kando, akasema kwa adabu yote, bila kuniangalia usoni:

"Mwalimu, nina ombi. Ukiona ana kasoro yoyote, niite mimi pembeni. Usiseme yeye akisikia."

Nikamwambia, "Sawa, mwanangu." Akashukuru, akaenda zake. Nami niliingia ndani nikaketi pembeni, nikamtazama mwanawe akichagua kazi.

Sasa nisikilize wewe, uliye kijana, utakayekuwa mzazi au mwalimu, au vyote viwili. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, yule sisimizi. Neno ulionalo dogo, mtoto huzama ndani yake. Usimseme mtoto juu ya kichwa chake ukadhani hasikii kwa kuwa yumo kazini. Mkono wake umo kazini, masikio yako kwako. Muache aoshe, amimine, amwage, afute. Kazi ya mikono yake ni kusoma kwake, na wewe uwe na subira ya kutazama. Na mzazi akija na hasira, usimdharau, maana hujui magoti yake yamepita wapi. Mketishe, mweleze. Ukikosea, nenda ukakosoe pale pale ulipokosea, mapema, kabla aliyeumizwa hajaanza kukubaliana na uongo wako. Mimi nilichelewa. Na ukishaomba radhi, usidai kusahauliwa. Radhi ni deni lako wewe. Kusahau ni hiari ya mwenzio.

Haya, inuka uende. Mola akukinge na hofu inayomfanya mtu mzima ajifiche nyuma ya mtoto. Akujaalie watoto watakaokugeukia kukuonyesha walichokiona, nawe uwe na macho ya kukitazama. Na radhi zangu mimi, bibi yako mwenye haya zake, ziwe pamoja nawe popote utakapokaa na watoto wa watu. Amin.