Ndoo ya Kitovu

Nilipokuwa mtoto, kitovu cha mdogo wangu kilizikwa ndani ya ndoo ya plastiki. Hapakuwa na mahali pengine. Ua wa nyumba tuliyokodi pembeni mwa mji, upande wa kuelekea Munigi, ulikuwa mawe meusi ya volkano tu, na hata pale ambapo jembe lingeweza kuingia hapakuwa petu. Koko, mama yake Papa, baba yetu, alisema kitovu cha mjukuu wake hakiwezi kulala katika ardhi ya mwenye nyumba. Basi akamtuma Papa kutafuta udongo mzuri, akaujaza kwenye ndoo, akakifunga kitovu kwa kitambaa cheupe na kukizika humo. Juu yake akapanda tawi la ule mti wenye majani marefu kama visu, ambao kwetu, upande wa Bukavu, watu huupanda mipakani mwa mashamba. Ndoo ikawekwa saloni, chumba cha wageni, kwenye kona iliyo mbali na dirisha, ili macho ya wapita njia yasiufikie.

Mtoto aliitwa Asifiwe. Mti nao tukauita Asifiwe. Ukiuliza kama Asifiwe amekunywa, ilibidi useme ni yupi.

Koko aliamini kwamba mti ukisimama, mtoto husimama. Hilo tulilijua sote na lilitufurahisha. Lakini imani ile ilikuwa na upande wa pili, ambao mimi niliusikia baadaye: mama akitoka nje ya ndoa wakati bado ananyonyesha, mti wa kitovu hunyauka kwanza, kabla mtoto hajaugua, ili watu wa nyumbani waonywe. Sisi tulikuwa Wakatoliki wa kila Jumapili. Papa, aliyekuwa karani katika ghala la simenti, ndiye aliyeongoza sala katika shirika, jumuiya ya waumini wa mtaa wetu. Hakuna aliyeona kwamba ndoo ile na sala zile zinagombana. Koko mwenyewe alikuwa ametundika rozari kwenye shina.

Mti ulikua vizuri hadi mvua zilipoanza. Kisha majani ya chini yakageuka manjano. "Iko na kiu," Koko alisema, na kuanzia hapo akaumwagilia asubuhi na jioni, kila kikombe na Salamu Maria yake. Umanjano ukapanda. Ncha za majani zikawa kahawia kama zilizopitishwa motoni. Vijidudu vidogo vikaanza kuruka juu ya udongo kila ulipogusa ndoo. Majani yakalala, na Koko akaongeza maji.

Leo nina mimea yangu nyumbani, na kadhaa nimeiua mwenyewe kabla ya kujifunza. Mti wenye kiu na mti unaozama huinamisha majani namna moja, na mtu mwenye mapenzi huona kiu tu. Ndoo ya Koko haikuwa na tundu hata moja.

Mama, kwa upande wake, alikuwa akitoka alfajiri kwenda Keshero, kando ya ziwa, kununua sambaza, vile visamaki vidogo, kwa wavuvi, kisha anazitembeza sokoni na kurudi jua likizama, kitenge kikinuka ziwa. Siku za kawaida alimbeba Asifiwe mgongoni. Siku za mvua alimwacha kwa Koko. Jioni moja Koko alimngoja mlangoni.

"Mama Nsimire, kule Keshero unakawia na nani?"

Mama alicheka. "Na sambaza, Mama."

Koko hakucheka. Mimi, Nsimire mwenyewe, nilikuwa nimechuchumaa nachambua mchele, na nilimwona Mama akiangalia uso wa mkwewe, kisha mti, kisha uso tena. Kicheko chake kilikatika taratibu.

Sijui neno lilitokaje nje ya nyumba. Najua tu kwamba nilipokwenda bombani kuteka maji, wanawake walinyamaza, na mmoja akanipisha mbele ya foleni kwa huruma. Huruma ile iliniunguza. Ningependa wangenitukana. Nilibeba bidoni langu la maji nikiangalia mawe ya njia, nikaanza kupita nyuma ya nyumba za watu ili nisisalimiane na mtu.

Kisha nikamwona Papa. Mama alikuwa amefua, vitenge vimeanikwa uani, na kimoja kilikuwa bado kwenye beseni hakijaoshwa. Papa alikiinua, akakipeleka puani, akakinusa polepole kama mtu anayetafuta kitu alichosahau jina lake. Alipogeuka, mimi nilikuwa mlangoni. Alikirudisha kwenye beseni. Kwa muda mrefu baada ya hapo kila mmoja wetu alimkwepa mwenzake ndani ya nyumba ya vyumba viwili.

Jumapili moja baada ya misa alikuja papa mukubwa, kaka yake Papa, na viatu vyake vya misa vinang'aa. Tulikaa saloni sote. Mama alikuwa akimnyonyesha Asifiwe.

"Mama Nsimire," papa mukubwa alianza, "sisi hatukuhukumu. Lakini muti imesema."

"Imesema nini?"

"Unajua wewe mwenyewe."

Mama akamgeukia Papa. "Na wewe, Papa Nsimire? Wewe muti imekuambia nini?"

Papa alikuwa akitazama viganja vyake. Aliendelea kuvitazama.

Koko ndiye aliyejibu, tena kwa upole, kama anayempangia mgonjwa dawa. "Utaenda kwenu Bukavu, upumzike. Muti ikipona, utarudi. Mutoto atabaki hapa. Ni wa kwetu."

Mama alingoja hadi Asifiwe alipoachia ziwa. Akamfuta mdomo, akanipa mimi. Kisha akasimama, akaenda moja kwa moja kwenye ile kona, akaishika ndoo kwa mikono miwili.

"Usiiguse!" Koko alipiga kelele. "Utaua mutoto!"

"Mutoto iko mikononi mwa Nsimire," Mama alisema. "Mumuangalie vizuri."

Aliibeba hadi uani, mgongo umepinda kwa uzito, sisi sote nyuma yake. Akaipindua juu ya mawe. Lilitoka tope na si udongo, na pamoja nalo harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa altareni. Mizizi ilikuwa kahawia na utelezi. Mama alipoivuta, ngozi yake ilibaki vidoleni mwake. Maji meusi yakatiririka hadi kwenye viatu vya papa mukubwa, naye akarudi hatua nyuma.

Nilimwangalia Asifiwe. Alikuwa akitafuna ngumi yake, akitazama nzi. Sitasahau jinsi nilivyombana kifuani, nikisubiri afe, na jinsi alivyopiga chafya tu.

"Mimi ni mutoto wa walimaji," Mama alisema, akiwa bado ameshika shina. "Hata muhogo ukiulaza ndani ya maji, unaoza. Nani alikuwa anapa hii muti maji?"

Sote tulijua, isipokuwa Koko, ambaye jibu lilimfikia la mwisho. Nililiona likimfikia. Alipiga magoti pale pale kwenye mawe makali na kuanza kupekua tope kwa vidole. Nilidhani akili imemruka. Mama alisimama akimtazama, kisha akapiga magoti na yeye, na nguo yake ya misa, wakapekua pamoja. Walikipata kitambaa. Kilikuwa cheusi, na ndani yake hamkuwa na kitu tena.

"Niliizamisha mimi mwenyewe," Koko alisema.

Nakumbuka kwamba Mama hakumwambia hapana.

Mti ulitibiwa jioni ile ile. Mama alikata shina juu, mahali lilipokuwa bado gumu na jeupe ndani, akaondoa majani ya chini, akaliacha kivulini kidonda kikauke. Mimi nilitumwa kuchoma msumari kwenye makaa na kutoboa matundu chini ya ndoo. Tukaweka changarawe ya volkano, ile tuliyoilaani kila siku kwa kutuharibia viatu, kisha udongo mpya uliochanganywa na changarawe nyingine iliyopondwa. Koko alikifua kitambaa, akakizika tena humo, na shina likapandwa juu yake. Ndoo ikawekwa karibu na dirisha, wapita njia waangalie wakitaka. "Ingiza kidole," Mama aliniagiza. "Kikitoka na udongo wa baridi, acha. Kikitoka kikavu, ndipo upe maji." Koko alisimama kando akisikiliza kama mtoto wa katekisimu.

Lilipochipuka jani jipya, papa mukubwa alikuja kulitazama, akasema Mungu ni mukubwa, akaomba chai. Mama akamtilia.

Ni Koko peke yake aliyesema kosa lake. Siku aliyoondoka kurudi Bukavu, mzigo wake ukiwa tayari kichwani mwangu, alisimama katikati ya ua na kupaza sauti hadi wanawake wa bombani wakageuka. "Mama Nsimire! Nilikusemea uongo! Haukukosa kitu! Mimi ndiye nilikosa!" Mama alimfuata, akamshika mkono, wakatembea pamoja hadi bandarini. Lakini Mama hakurudi tena kwenye kwaya aliyokuwa akiimba kanisani. Alianza kwenda misa ya kwanza, ile ya wazee, peke yake, na alikaa benchi la nyuma.

Kwa miaka mingi nilidhani aibu yangu ni ya ndoo. Nilipoanza kazi ofisini na wenzangu wakisimulia mambo ya vijijini kwao, mimi nilinyamaza, nikiogopa wajue kwamba mama yangu alikaribia kunyang'anywa mtoto kwa sababu ya majani ya manjano. Nilimlaumu Koko hata alipokuwa kaburini.

Mwaka jana Papa alikuja kunitembelea. Siku hizi ni mzee, anatembea kwa fimbo. Alinikuta nikichomeka kidole kwenye chungu kimoja dirishani. Akasema, bila mimi kumuuliza lolote:

"Mimi nilikuwa naona ile maji."

"Maji gani, Papa?"

"Ya ndoo. Ilikuwa inasimama juu ya udongo. Kila asubuhi nikivaa viatu, naiona. Nilijua ni maji."

Nilitoa kidole, nikakifuta kwenye nguo. "Na ulinyamaza?"

"Alikuwa mama yangu. Na kaka yangu amekaa pale." Alipumua. "Nikasema, aende tu Bukavu kidogo, mambo yatapoa."

Nilitaka kumuuliza juu ya kitenge. Kama alijua ni maji, alikuwa akitafuta nini kwa pua yake? Labda mtu anaweza kujua na kushuku kwa wakati mmoja. Labda kunyamaza kwake ndiko kulikompa shaka, maana alihitaji sababu ya kunyamaza. Sikumuuliza. Nilimvutia kiti.

Tangu siku ile simwonei Koko aibu tena. Aliamini, akakosea, akapiga magoti kwenye mawe, akasema kwa sauti ya kusikika hadi bombani. Aibu imebaki kwa yule ambaye hakuamini, lakini aliiacha imani ya mama yake ifanye kazi aliyoshindwa kuifanya kwa mdomo wake. Nayo ni aibu yangu pia, kwa kuwa ni baba yangu, na nampenda.

Sijamwambia Mama. Asifiwe ana mke sasa, na wazazi wetu bado wanaishi pamoja. Jumapili iliyopita nilikwenda kuwasalimu. Mama alinipa kikombe cha chai kabla sijakaa. "Pelekea papa yako kwanza," alisema. Nikampelekea. Papa alikipokea kwa mikono miwili, bila kuniangalia.