Mpangaji Wangu, Mtegua Mabomu

Mpangaji wangu ni askari wa kutegua mabomu yanayofukiwa kwenye barabara za kule Lafey, mpakani na Somalia, na wallahi amenichosha. Akiwa kazini, nasikia, hulala kifudifudi akipapasa mchanga taratibu kama mama anayemsuka mtoto nywele. Akija likizo hapa Garissa, vidole hivyo hivyo hutia sukari kwenye chai mpaka kijiko kinasimama, na daktari alishamkataza. Pikipiki anaendesha bila kofia, mkono mmoja umeshika miraa. Juzi kaenda kuoga mtoni Tana, palepale mamba alipomnyakua mbuzi wa jirani.

Nikamfokea. "Mama Ramlo," akasema huku akijifuta maji, kwa ile sauti yake ya upole inayozidi kuniudhi, "kule naogopa kila hatua. Nikija hapa unataka niogope tena?"

Lakini uani kwangu kuna mahali udongo umetifuliwa, lilipofukiwa bomba la maji. Kila asubuhi akienda msalani, huyu asiyejali mamba hupazunguka kwa mbali, mgongo ukisugua ukuta. Na aliyelifukia bomba hilo ni yeye mwenyewe, kwa jembe langu.